Mimea inayokula wadudu kubaki nje hadi digrii -18: nini kinafukiwa, nini kinafunikwa, nini kinaingia ndani?

kinamasi_kidogo

Habari za jioni wadau. Naomba msaada kuhusu kulaza mimea nje majira ya baridi. Tafadhali mnipe vipimo, maana "ifunike vizuri" nimeshaisoma vya kutosha.

Hali ya hewa: katikati ya majira ya baridi usiku wa kawaida ni digrii -5 hadi -10. Karibu kila mwaka kuna wiki moja au mbili inashuka mpaka -18. Theluji haina uhakika. Inaanguka, siku ya tatu imeyeyuka, halafu inafuata jalidi kavu yenye upepo.

Mimea, yote kwenye vyungu vya plastiki:
- Dionaea (mtego wa nzi) vinne, vyungu vya sm 10
- Sarracenia purpurea, S. flava na S. leucophylla, vyungu vya sm 20
- Sarracenia psittacina, sm 15
- Drosera rotundifolia na Drosera capensis, sm 10
- Pinguicula grandiflora, sm 10
- Darlingtonia moja, sm 25

Udongo ni piti (mabaki ya mimea ya kinamasi) na perlaiti (punje nyepesi za mwamba wa volkano) nusu kwa nusu. Maji ni ya mvua tu. Sasa vyungu vimekaa kwenye masinia yenye maji ya sm 4.

Naomba kujua: ipi ibaki nje na ipi iingie? Vyungu nivifukie ardhini au nivifunike tu? Masinia niyaache na maji? Na ile mitungi mirefu ya Sarracenia (majani yake yanayonasa wadudu) niikate?

---

rizomu_hai

Mkuu, umeuliza mmea unavumilia digrii ngapi. Uliza pia mizizi yake itafika digrii ngapi, kwa sababu hizo ni namba mbili tofauti, na mimea mingi hufa kwa sababu mwenyewe alisoma ile ya kwanza tu.

Mmea ulio ardhini hupigwa na baridi kutoka juu peke yake. Chini yake ardhi inapandisha joto taratibu usiku kucha. Chungu kinapigwa ubavuni, juu, na kikiwa juu ya meza hata chini. Ndiyo maana S. flava iliyopandwa ardhini huamka salama baada ya -18, na ndugu yake aliye kwenye chungu kidogo hatua mbili pembeni anaoza.

Halafu kuna suala la ukubwa. Maji yakiganda hutoa joto, na si kidogo: lita moja ya maji yaliyofika sifuri, mpaka iwe barafu yote, inapoteza joto sawa na ambalo ingepoteza ikipoa kutoka digrii 80 hadi sifuri. Kwa hiyo maadamu ndani ya chungu kuna maji ambayo hayajaganda, udongo unang'ang'ania karibu na sifuri hata hewa ikiwa -10. Chungu cha sm 10 kina nusu lita hivi ya udongo, usiku mmoja kimekwisha. Chungu cha sm 30 kina lita 12 hadi 15, kitapambana siku kadhaa. Udongo ukishakuwa jiwe lote, hapo ndipo joto lake linaanza kushuka kufuata hewa: -3, -6, -10, na rizomu (shina nene la chini ya udongo lenye akiba ya mmea) inashuka nalo. Usiku mmoja wa -12 hauna shida sana. Hiyo wiki yako ya -18 ndiyo yenye shida.

Tuichambue orodha yako.

S. purpurea: nje, bila wasiwasi, ila hakikisha ni ile ya kaskazini, subsp. (nususpishi) purpurea. Hiyo inaota hadi kwenye vinamasi vya Kanada, na ndiyo ua rasmi la jimbo la Newfoundland na Labrador. Ile ya kusini, subsp. venosa, ni laini zaidi, itunze kama leucophylla.

S. flava: nje, chungu kimefukiwa, matandazo juu.

S. leucophylla: asili yake ni pwani ya Ghuba ya Meksiko, lakini rizomu yake ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Nje, imefukiwa, matandazo mazito. Mitungi yake mizuri kuliko yote hutoka mwishoni mwa msimu, kwa hiyo itaingia kwenye baridi ikiwa bado imesimama. Usishangae.

S. psittacina: hii nayo ni ya huko huko Ghuba, tena inaota mahali pa chini panapofurika. Kwa -18 kwenye chungu cha sm 15 nisingeiacha. Iingize mahali baridi pasipoganda.

Dionaea: porini inapatikana eneo dogo tu la pwani ya North Carolina na South Carolina, kuzunguka Wilmington. Kule jalidi ipo na theluji huanguka mara moja moja, lakini ardhi haigandi kwa wiki nzima. Jalidi ya usiku inaivumilia vizuri. Udongo kukaa chini ya -5 kwa siku nyingi hauvumilii. Kwa vyungu vya sm 10 na hali yako, chagua: ama uviunganishe vyote vinne kwenye chungu kimoja kikubwa mwaka ujao, ama uviingize gereji isiyo na joto.

Darlingtonia: inatoka milima na chemchemi za kaskazini mwa California na Oregon. Baridi haiiogopi sana. Inachoogopa ni mizizi kupata joto, na shida hiyo majira haya huna. Chungu cha sm 25 kikifukiwa na kufunikwa kinatosha. Hakikisha tu machipukizi yanayotambaa ukingoni mwa chungu nayo yamefunikwa.

D. capensis ni ya Rasi, Afrika Kusini. Ndani. Ikipigwa na jalidi majani yote yanakufa, na inaweza kuchipua tena kutoka mizizini ikiwa udongo haukuganda sana, lakini kwa -18 sahau. Haihitaji kulala, kwa hiyo dirishani penye mwanga inatosha.

D. rotundifolia na Pinguicula nawaachia wanaozijua kuliko mimi.

Namna ya kufukia: tafuta mahali pasipo bondeni, maana hewa baridi na maji ya theluji iliyoyeyuka vyote hutiririkia chini. Karibu na ukuta unaokinga upepo ni pazuri. Chimba shimo lenye kina cha vyungu pamoja na sm 5 zaidi, weka hizo sm 5 za kokoto chini ili maji yapite. Panga vyungu vigusane, vikubwa pembeni na vidogo katikati. Jaza nafasi kwa mchanga wa kwarzi au piti ya zamani. Usitumie udongo wa bustani uliowekewa chokaa au mbolea, kwa sababu maji yataingia kupitia matundu ya chungu. Ukingo wa chungu ubaki sm 1 au 2 juu ya ardhi, la sivyo mvua ya kwanza itamwaga matope juu ya rizomu.

---

mtungi_wa_kwanza

Kuna njia rahisi zaidi: zungushia vyungu nailoni ya viputo, juu funika na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na ile wiki ya -18 ingiza kila kitu sebuleni. Wiki ikiisha unarudisha nje.

---

rizomu_hai

@mtungi_wa_kwanza, ya ubavuni nakubali, nailoni ya viputo kuzunguka chungu inapunguza kasi ya kuganda. Mengine hapana.

Nailoni juu ya mmea ikipigwa na jua la mchana inageuka jiko. Nje ni -4, ndani ya nailoni ni digrii 20, mmea unaamka, usiku unarudi -10. Juu ya hapo unyevu unaganda kwenye nailoni na kudondokea majani, na ukungu unapata makao.

Sebuleni ni kubaya zaidi. Mmea uliolala ukiuweka siku saba kwenye digrii 20 unaanza kusukuma majani na kutumia akiba ya rizomu. Ukiurudisha nje hayo majani laini yanaungua. Ukilazimika kuingiza, ingiza gereji, kibanda au chumba kisicho na joto, kati ya 0 na 7. Hapo hata giza la wiki moja si neno.

---

sfagnamu_safi

Naongezea kuhusu maji, matandazo na upepo. Upepo ndio unaosahauliwa.

Masinia yaondoe. Sm 4 za maji majira ya baridi zina hasara mbili. Kwanza, maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, sinia linapasuka na chungu kinabanwa kutoka chini. Pili, siku zisizo na jalidi rizomu inakaa kwenye maji baridi yasiyo na hewa, nayo inaanza kuoza kuanzia ncha ya nyuma, ile ya zamani. Udongo uwe na unyevu tu. Kipimo cha haraka: chota piti ya juu, ifinye. Ikitoa tone moja au mawili, inatosha. Ikichuruzika, imezidi. Ikibaki vumbi mkononi, umechelewa.

Maana kukauka nako kunaua. Udongo ukiganda, mizizi haivuti tena maji, lakini majani ya kijani yaliyo juu yanaendelea kupoteza maji kwenye upepo. Mmea unakaukia ndani ya barafu. S. purpurea ndiyo inayoonyesha hili wazi kwa sababu majani yake hayapukutiki. Ikigeuka nyekundu iliyoiva, karibu zambarau, hiyo ni rangi yake ya baridi, usiiguse. Ikigeuka kahawia kuanzia mdomoni kuelekea chini na ikawa mikavu kama karatasi, huo ni upepo.

Siku ambazo barafu imeachia, pitia vyungu na kuongeza maji ya mvua palipokauka. Usimwagie maji ya moto chungu kilichoganda. Theluji safi unaweza kuirundika juu, tena irundike nyingi: inakinga baridi kuliko karibu kitu chochote utakachonunua na ikiyeyuka ni maji yasiyo na madini. Ila usichukue ile iliyokwanguliwa barabarani au kwenye njia ya miguu. Ina chumvi, na chumvi kidogo tu kwenye piti ni kifo cha polepole ambacho utakiona miezi mitatu baadaye na kusingizia baridi.

Matandazo: majani ya msonobari, yale marefu kama sindano, ndiyo bora. Hayashikani, hewa inapita, hayaleti chokaa. Kwa jalidi ya -5 hadi -10 weka sm 10. Kwa -18 weka sm 20 yakiwa yamelegea, yatashuka yenyewe mpaka 15. Huna msonobari? Majani makavu mapana yanafaa, lakini usiyamwage moja kwa moja, kwa sababu yakilowa yanalala kama karatasi zilizorundikana na kuziba hewa. Yajaze kwenye magunia ya katani na ulaze magunia juu ya vyungu. Nyasi zilizokatwa uwanjani, mboji na samadi, hapana kabisa.

Juu ya matandazo tandika kitambaa cheupe cha kukinga jalidi au gunia moja la katani, bana pembe zake kwa mawe. Kazi yake ni kuzuia upepo usipeperushe matandazo na usikaushe yaliyo chini.

Wakati: usiharakishe. Ukitandaza kukiwa bado na joto, panya wanahamia humo na ukungu unaanza. Subiri mpaka udongo wa juu ugande kidogo kwa usiku kadhaa mfululizo, halafu utandaze kabla ya usiku wa kwanza wa -7. Jalidi hizo ndogo za mwanzo zinahitajika. Pamoja na mchana kufupika, ndizo zinazouambia mmea ulale.

Kuhusu mitungi mirefu: ikate. Mitungi ya flava na leucophylla ya sm 60 huwezi kuifunika, upepo unaiyumbisha mpaka inalegeza rizomu, na wadudu waliooza ndani ni chakula cha ukungu. Kata ibaki sm 8 hadi 10.

---

tumba_la_baridi

Nakubali yote ya @sfagnamu_safi isipokuwa hilo la kukata kila kitu.

Tungi la kijani bado linafanya kazi. Siku za baridi zisizo na jalidi kali linaendelea kutengeneza chakula na kukishusha kwenye rizomu. Kwa mtu anayelaza mimea kwenye baridi ndogo, kukata mapema ni kuiibia. Kwa huyu ndugu yetu anayehitaji sm 20 za matandazo, sawa, kata, lakini kwa utaratibu: yaliyo kahawia yote yaondoke chini kabisa. Yaliyo nusu kijani kata ile sehemu iliyokufa tu, na ukate sehemu ya juu kiasi cha kuruhusu matandazo. Yale majani bapa kama upanga ambayo flava hutoa mwishoni mwa msimu, yasiyo na mdomo, usiyaguse hata moja. Hayo ndiyo majani yake ya majira ya baridi. Na purpurea haikatwi. Ni fupi, maji yaliyomo ndani yataganda na kuyeyuka na hayatamdhuru.

Sasa Drosera rotundifolia. Kufikia mwisho wa msimu majani yake ya utomvu yanakuwa meusi na kulala, na mtu asiyejua anatupa chungu. Angalia katikati: kuna tumba dogo la kijani, milimita 5 hivi, majani machanga yamejikunja kwa ndani kama ngumi ya mtoto. Hilo ndilo mmea wote. Baridi ya -18 haina shida nalo, hii ni mimea ya vinamasi vya kaskazini kabisa. Hatari zake ni nyingine. Ya kwanza ni kunyanyuliwa: udongo ukiganda na kuyeyuka mara nyingi, barafu inalisukuma tumba juu mpaka linabaki limelala hewani. Kila barafu ikiachia, pita na kidole, lirudishe mahali pake, libonyeze taratibu. Ya pili ni ndege, ambao hufukua piti wakitafuta wadudu. Wavu wa matundu ya sm 1 juu ya chungu unamaliza hilo.

Pinguicula grandiflora ni hivyo hivyo lakini zaidi. Tumba lake linafikia sm 1, linafanana na kitunguu kidogo, na pembeni yake kuna vijitumba vingi kama punje za mchele. Kila kijitumba ni mmea mpya. Jambo la kujua: majira ya baridi mizizi ya zamani hufa, tumba linakaa juu ya udongo bila kushikwa na chochote. Mvua moja kubwa inalipeleka nje ya chungu. Kwa hiyo chungu chake kisijazwe udongo mpaka ukingoni. Acha sm 2 tupu, nyunyizia safu nyembamba ya mchanga wa kwarzi kuzunguka tumba (si juu yake), kisha wavu. Matandazo kwake yawe mepesi, sm 5 zinatosha, kwa sababu likifunikwa sana kwenye unyevu linaoza kabla baridi haijaligusa. Ukitaka vijitumba vya kuzalisha, vikusanye sasa wakati mmea umelala, kisha uvipande kwa umbali wa sm 3.

Miche ya Sarracenia ya mwaka wa kwanza kama unayo, isilale nje. Rizomu haijafikia unene wa kubeba akiba, na barafu inaing'oa kama inavyong'oa matumba. Mwaka wa kwanza na wa pili inaweza kuendelea kukua ndani chini ya taa bila kulala.

---

kinamasi_kidogo

Asanteni sana. Nimeamua: Dionaea zote nne na psittacina haziendi nje. Gereji ninayo lakini usiku mkali kabisa inashuka hadi -6, na friji ina nafasi. Je, friji inafaa? Na ukungu nautibu vipi, maana tayari naona nyuzi za kijivu kwenye mitego miwili iliyokufa.

---

rizomu_hai

Friji inafaa, na kwa Dionaea ni njia salama kuliko nyingi mradi usiingize mmea uliokuwa kwenye digrii 20 jana. Wache kwanza wakae nje wiki nne hadi sita za vuli wakipata usiku wa 2 hadi 8 na jalidi ndogo. Utajua wameanza kulala pale majani mapya yanapotoka mafupi, yamelala chini, na mitego inafunga polepole au haifungi kabisa. Usiijaribu kwa kidole, kila kufunga ni gharama. Kulisha nako kulishakoma.

Kisha:

1. Toa mmea kwenye chungu, suuza mizizi kwa maji ya mvua mpaka piti itoke. Mizizi ya Dionaea ni myeusi, hiyo ni kawaida, usiikate.
2. Ondoa kila jani na mtego uliokufa, hadi kwenye sehemu nyeupe ya chini. Rizomu nzuri ni nyeupe au ina wekundu mwepesi, na ni ngumu ukiibinya.
3. Nyunyiza dawa ya ukungu ya salfa, acha ikauke dakika 20 hivi. Usitumie dawa za shaba. Mimea hii haipatani nazo.
4. Loweka sfagnamu (kuvumwani ya vinamasi), ikamue kwa nguvu mpaka isitoe tone hata moja, funga mizizi na rizomu. Kitovu cha majani kibaki wazi.
5. Weka kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa nusu, funga, andika jina na tarehe. Mfuko mmoja mmea mmoja, ukungu usihame.
6. Droo ya chini ya friji, digrii 2 hadi 5. Isiguse ukuta wa nyuma ambako vitu huganda.

Wiki 10 hadi 12. Kila baada ya wiki mbili fungua mfuko, nusa, angalia. Harufu ya udongo ni sawa. Harufu ya kitu kilichochacha maana yake kuna sehemu inaoza: ikate mpaka ufike kwenye nyeupe safi, salfa tena, sfagnamu mpya. Psittacina ukipenda ibaki na chungu chake, chungu kizima kwenye mfuko, unyevu ukiwa mdogo kuliko kawaida.

Nyuzi za kijivu unazoziona, kama zikiguswa zinatoa vumbi, ni ukungu wa kijivu, Botrytis. Huanza kwenye kilichokufa na kuhamia kwenye kilicho hai pale hewa inapotulia. Dawa inasaidia, lakini mkasi unasaidia zaidi. Toa vilivyokufa kabla hujavifunika, siyo baada. Osha mkasi kwa spiriti kati ya mmea na mmea.

Na gereji yako ya -6 usiidharau. Panga vyungu ndani ya boksi la stairofomu lenye kuta za sm 4 au 5, ziba nafasi kwa piti yenye unyevu, boksi likae sakafuni na siyo rafuni. Weka kipimajoto chenye waya, ncha yake iwe kwenye udongo wa chungu cha pembeni, kwa kuwa hicho ndicho kitakachoganda kwanza. Hewa ya gereji ikiwa -6 usiku mmoja, udongo humo ndani huenda hata usifike -1.

---

sfagnamu_safi

Kabla uzi haujapotea, kuhusu kufunua, kwa sababu mimea mingi iliyopita salama kwenye -18 inafia mwezi wa mwisho wa baridi chini ya matandazo.

Funua kwa awamu. Usiku ukianza kubaki juu ya -5, toa kitambaa na nusu ya matandazo, siku yenye mawingu na siyo ya jua kali. Usiku ukizoea -2 au zaidi, toa yaliyobaki. Ukichelewa utakuta machipukizi meupe, marefu, yamelala, na ukungu umeshafika. Ila matandazo yaweke pembeni, usiyatupe. Sarracenia nyingi hutoa maua kabla ya mitungi, na tumba la ua likipigwa na -3 linainamisha kichwa na kukauka. Ndoo iliyopinduliwa juu ya chungu jioni, ikaondolewa asubuhi, inatosha kwa jalidi hizo za mwisho.

Kubadilisha udongo na kugawa rizomu ni wakati huo huo, kabla ukuaji haujaanza. Siyo vuli. Mizizi iliyojeruhiwa vuli inaingia kwenye baridi bila kupona.

Masinia yarudishe sm 1 kwanza. Mmea ukiwa na majani mapya matatu ndipo upandishe hadi 3 au 4.

---

kinamasi_kidogo

La mwisho: nitajuaje kama rizomu imekufa au bado imelala? Majani ya flava yote yatakuwa kahawia.

---

tumba_la_baridi

Rangi ya majani haikuambii kitu. Futa piti ya juu mpaka uione rizomu, ibonyeze kwa kidole gumba. Iliyo hai inakataa kama kipande cha karoti. Iliyokufa inabonyea na maji ya kahawia yanatoka. Ukiwa na shaka, kwaruza kwa ukucha au ncha ya kisu, sehemu ndogo kama punje: nyeupe au krimu ni hai, kahawia iliyolowa imekufa.

Ikiwa upande mmoja umekufa na mwingine ni mgumu, kata mpaka kwenye nyeupe, paka salfa, panda kwenye udongo mpya. Rizomu ya Sarracenia ina macho yaliyolala ubavuni na inaweza kuchipua hata kama kile kichwa cha mbele kimeungua. Itatoka imechelewa wiki sita au nane nyuma ya wenzake, vijani viwili vitatu vyembamba, na mwaka huo usiiruhusu kutoa ua. Dionaea nazo huchelewa, tena hutokea pembeni na siyo katikati ulikozoea kutazama. Kwa hiyo chungu kisitupwe mpaka joto la mchana limekaa juu ya digrii 15 kwa mwezi mzima na bado hakuna kitu.